Plickers: kadi za karatasi, simu moja ya mwalimu, hakuna mtoto anayeulizwa imeli

Kama unafundisha madarasa ya chini na umechoka kusikia "kila mwanafunzi ajisajili kwa imeli yake", jaribu kwanza Plickers, programu ya simu ya kuuliza darasa maswali na kuona jibu la kila mtoto papo hapo, kabla hujahangaika na kingine. Mimi naitumia darasa la tatu, shule ya serikali, hasa kwenye hisabati, na sijawahi kumsumbua mzazi hata mmoja kwa habari za imeli.

Mana tuongee ukweli, mtoto wa miaka nane imeli anaitoa wapi? Google wenyewe huku kwetu wanataka mtoto afikishe miaka 13 ndo ajifungulie akaunti, chini ya hapo mzazi ndo asimamie, na ukisema uwafungulie wote kwa namba yako ya simu wana kikomo, namba moja haithibitishi darasa zima. Kuna programu nyingine shuleni kwetu ililetwa na jamaa wa mauzo, jina nalihifadhi, kwenye maonyesho ilipendeza kweli ila siku ya kujisajili ikataka kila mtoto afungue imeli yake athibitishe, na wazazi wengi huku wana kiswaswadu, simu ndogo ya batani, ikafia hapohapo.

Sasa hii Plickers mwenye akaunti ni mwalimu tu. Unaingiza orodha ya darasa, kila mtoto anapata namba, na namba hiyo ndo kadi yake. Kadi yenyewe ni karatasi ina mchoro mweusi wa viboksi, unafanana fanana na QR kodi ila mkubwa, na kwenye pande zake nne kuna herufi A B C D ndogondogo. Ukiuliza swali mtoto anaigeuza kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, anainyanyua, we unapitisha kamera ya simu taratibu kutoka upande wa dirisha mpaka mlangoni na majina yanajaa kwenye kioo, kijani kapata, nyekundu kakosa. Kuibia ni ngumu kwasababu michoro haifanani, kuna kijana wangu mmoja mjanja wa dawati la nyuma aliangalia kadi ya jirani ilivyokaa akaikalisha yake vilevile, mwenzake kajibu A yeye ikasoma C.

Nilipoipenda zaidi ni kwenye mada ya sehemu, yani nusu, robo na wenzake. Nimefundisha vizuri, nikauliza mmeelewa, wakaitikia ndiyoooo kama kawaida yao. Nikawapa swali, ipi kubwa kati ya 1/4 na 1/8, kupitisha simu naona nyekundu tupu, mana kwao 8 ni kubwa kuliko 4 na biashara imeisha. Bila kadi zile ningeendelea na mada inayofuata, na wale wawili watatu wanaonyoosha mkono kila siku wangenidanganya darasa zima liko vizuri.

Kuhusu kadi, unazipakua bure kwenye tovuti yao, mbili kila ukurasa, seti ya kawaida ina kadi 40 kwahiyo ni kurasa 20, na ipo seti ya 63. Darasa langu linazidi hata hiyo ya 63, basi natoa kadi moja kwa dawati, wanabishana kwanza afu ndo wananyanyua, na hayo mabishano mi nayapenda kuliko jibu lenyewe. Stesheneri waambie waprinti kwenye manila na wasilaminishe, ile plastiki jua likipiga inang'aa kamera haioni kitu. Watoto nao wazoeshwe kushika pembeni, kidole kikifunika weusi kadi haisomeki.

Ubaya wake, ni maswali ya kuchagua tu, mwisho machaguo manne, kwahiyo imla, insha na kuonyesha njia sahau. Simu yako iwe na bando. Projekta sio lazima, mi swali naandika ubaoni na kwenye simu nachagua swali hilohilo. Majina naweka la kwanza na herufi moja ya ukoo, mana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na taarifa za watoto sio za kumwaga mwaga mtandaoni bila sababu.

Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni, nayo haitaki imeli, mtoto anaingia kwa namba ya mchezo na jina la utani, ila kila mmoja au kila kundi liwe na kifaa, na hayo majina ya utani ukiwaachia wajiandikie utakuta Simba wanne na Yanga sita hujui nani ni nani. Wenye chumba cha kompyuta waangalie Code.org, tovuti ya kufundisha watoto kutengeneza programu za kompyuta, mwalimu anafungua darasa, mtoto anabofya jina lake afu anachagua picha yake ya siri badala ya kuandika pasiwedi, kwa wasiojua kusoma vizuri hiyo ni nzuri sana.

Ila kwa shule yenye simu moja, Plickers. Na seti moja inatosha shule nzima, mwalimu wa la nne anachukua kadi zilezile kipindi kinachofuata, namba 12 ya kwangu inakuwa namba 12 ya kwake, mradi tu azirudishe zote.