Magazini ndefu za bastola: ya kununua na ya kuacha dukani

Magazini ya Glock ya risasi 33 ni nzuri, na inafanya kazi. Lakini kwa mwenye kibali hapa Lubumbashi, mahali pake ni uwanja wa shabaha, si kiunoni. Ijaze na uipime: risasi moja ya 9 mm ina uzito wa gramu 12 hivi, kwa hiyo 33 ni karibu gramu 400 kabla ya kuhesabu magazini yenyewe. Bastola ya Glock 17 bila magazini haifiki gramu 650. Uzito wote huo unaning'inia chini ya mkono, unagonga kiti cha gari na kunasa kwenye koti. Anayebeba silaha kihalali kila siku atahudumiwa vizuri zaidi na magazini ya kawaida ya 17, au hiyo hiyo ikiwa na kitako, yaani kifuniko cha chini, kinachoongeza risasi mbili.

Magazini hiyo ya 33 ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Glock 18, ile inayofyatua mfululizo. Inaingia pia kwenye Glock 17, 19, 26, 34 na 45, zote za 9 mm. Haiingii kwenye 43X wala 48, kwa kuwa hizo zina magazini nyembamba. Ndani ya plastiki yake kuna ala ya chuma inayopanda mpaka kwenye midomo, yaani zile kingo mbili za juu zinazoshika risasi isiruke nje. Ala hiyo ndiyo tunayoilipia. Magazini ya plastiki tupu iliyojazwa na kuachwa mahali penye joto inaweza kuvimba ubavuni, na ukibonyeza kishikizo kinachoishikilia kwenye bastola haidondoki; unalazimika kuivuta kwa mkono. Kwa hiyo ukishika magazini dukani, iangalie midomo kabla ya kitu kingine. Kama huoni chuma, uliza imetengenezwa kwa kitu gani, na usikubali kuambiwa tu kwamba ni sawa na ya kiwandani.

Kampuni ya Magpul wana magazini ya 21 na ya 27 kwa Glock za 9 mm. Ya 21 ndiyo tunayoipenda katika jamii hii: inatokeza kidogo tu na ni rahisi kuishika na kuichomoa. Lakini hapa kuna jambo la wenye ndugu Ubelgiji wanaotumiwa vifaa kutoka huko. Tangu maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017, bastola ya nusu-otomatiki iliyofungwa magazini ya zaidi ya risasi 20 inaingia kwenye kundi la silaha zilizokatazwa kwa raia wa kawaida, na kuwa na magazini hiyo kunaweza kukupotezea kibali. Ya 21 inazidi kwa risasi moja, na moja inatosha. Usimtie ndugu yako matatani kwa kipande cha plastiki.

Hapa kwetu silaha zinaongozwa na amri-sheria 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kibali ndicho mwanzo wa kila kitu. Anayekwenda mashindanoni nje kwa njia ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, aandikishe magazini kwenye karatasi zake pamoja na bastola, apate ruhusa ya nchi anayoingia mapema, wala asijaribu kueleza mambo hayo kwa mara ya kwanza akiwa mpakani. Na asome kanuni za mchezo kabla ya kununua: katika IPSC, yaani shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, daraja la Production haliruhusu zaidi ya risasi 15 ndani ya magazini, kwa hiyo ile ya 33 haikusaidii kitu. Daraja la Open ndilo lenye magazini ndefu, na hapo kipimo ni urefu, milimita 170, si idadi ya risasi.

Sasa tuje kwenye matatizo, maana hapo ndipo pesa zinapopotea.

Magazini ni sanduku lenye springi. Springi inasukuma kisukumio, kisukumio kinabeba risasi zote, na ile ya juu lazima iwe imefika midomoni kabla slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, haijarudi mbele kuichukua. Muda wenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye magazini ndefu springi ina mzigo mkubwa zaidi wa kuinua, na kadiri inavyochoka risasi inachelewa. Ikichelewa kidogo, pua yake inainama na kugonga chini ya mlango wa mtutu badala ya kuingia. Utaiona imesimama kimshazari, slaidi imekwama nusu ya njia, na kwenye ncha ya risasi kuna alama ya kugongwa. Ikichelewa zaidi, slaidi inapita juu yake na kufunga chumba cha risasi kikiwa kitupu. Dalili ya tatu ni ndogo, na wengi wanaidharau: risasi ya mwisho ikiisha, slaidi haibaki nyuma. Si lazima kosa liwe la bastola. Mara nyingi springi haina tena nguvu ya kuinua kile kidude kinachoishika slaidi. Jaribu kwa magazini nyingine kabla hujampelekea fundi bastola yako.

Vitako vya kuongeza uwezo vinachanganya watu hapo hapo. Kitako cha kuongeza mbili kwa kawaida kinafanya kazi na springi ile ile ya magazini ya 17, ingawa springi yenye nguvu kidogo zaidi ni bora. Kitako cha kuongeza tano au sita ni habari nyingine: kinataka springi ndefu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiacha ile ya zamani, mwanzoni itaonekana sawa, kisha risasi za mwisho mwisho zitaanza kuinama, kwa kuwa springi imenyooka karibu yote na haina cha kusukumia. Anayekuuzia kitako kikubwa bila springi amekuuzia nusu ya kifaa.

Kubadilisha si kazi ngumu. Toa risasi zote, vaa miwani, geuza magazini kitako juu. Bonyeza kile kitufe cha katikati kwa pini nyembamba, minya pande mbili za chini ya magazini, kisha sukuma kitako kuelekea mbele. Kidole gumba kikae juu ya tundu muda wote, maana springi inaruka kwa nguvu na kuelekea usoni. Kabla ya kuitoa, angalia mzunguko wa juu kabisa umeelekea wapi. Ukiurudisha kinyume, kisukumio kitakaa upande.

Tena kuna hatari ya magazini ndefu kwenye mpini mfupi. Magazini ya 17 au 33 ndani ya Glock 19 au 26 haina kitako cha kuizuia chini ya mpini. Inazuiwa na kishikizo peke yake. Ukiipiga kwa nguvu wakati slaidi iko wazi, inaweza kupanda kupita kiasi na kugonga kile kipande kinachotupa ganda nje. Nunua ile shingo ya plastiki inayoziba pengo kati ya mpini na kitako. Pia usiegemeze bastola mezani juu ya magazini ndefu: mzigo wote unakwenda kwenye kishikizo.

Kishikizo chenyewe kina la kuangalia. Glock za kizazi cha nne na cha tano zinakubali kishikizo kuhamishiwa upande wa kulia kwa wanaotumia mkono wa kushoto, lakini magazini za zamani zina mkato upande mmoja tu na hazitashika. Kwa 43X na 48 kuna S15 ya Shield Arms, ya chuma, risasi 15 bila kutokeza. Ukiichukua, weka na kishikizo cha chuma, kwa sababu chuma cha magazini kinakula kile cha plastiki.

Kwa wenye GP ya FN (Browning Hi-Power), ile ya mwaka 1935 ya risasi 13, Mec-Gar wa Italia anatengeneza ya 13 na ya 15. Zote mbili ni kazi safi. Usisahau kwamba GP haifyatui wakati magazini iko nje, lakini Glock inafyatua: kutoa magazini hakujaitoa risasi iliyo chumbani.

Vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, linaingia kila mahali, na magazini ndefu ina uwazi mwingi wa kulikaribisha. Mafuta ndani ya magazini ni kosa kubwa: yanachanganyika na vumbi kuwa uji mzito unaokishika kisukumio, na yanaweza kuingia kwenye risasi pia. Safisha kwa brashi kavu na kitambaa, futa springi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana kisha uikaushe. Magazini iliyodondoka uwanjani ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Kujaza 33 kwa kidole gumba kunaumiza, na risasi za mwisho zinakataa. Kijazio cha UpLULA kinafaa kwa 9 mm mpaka .45 na kinaokoa vidole. Ukimaliza kujaza, punguza risasi moja: magazini iliyojaa kabisa ni ngumu kuipachika wakati slaidi imefungwa, na inayoonekana imeshika inaweza kudondoka kwa pigo la kwanza. Ivute chini kwa mkono kuhakikisha.

Andika namba kwa rangi kwenye kila kitako. Magazini namba 3 ikikwama mara mbili, badilisha springi. Ikikwama tena, angalia midomo kama imepanuka au ina ufa. Iliyopanuka usiikunje kwa koleo. Itoe kazini.