Dalsima ya 12/11 kwa anayejifunza tuni za asili: ni nzuri, ila angalia "b" ndogo

Aliyekulia kwenye kwaya ya solfa ataielewa dalsima ya nyundo ya 12/11 haraka kuliko mpiga gitaa. Ni chombo bapa chenye jozi 12 za nyuzi kwenye daraja (kipande cha mbao kinachoinua nyuzi) la kati na jozi 11 kwenye daraja la besi lililo kulia, jumla nyuzi 46, na hupigwa kwa nyundo mbili ndogo za mbao. Ganuni ya taarab hukwanyuliwa, hii hugongwa. Ndugu yake wa Iran anaitwa santuri, jina ambalo kwetu lilibaki kwa sahani za muziki.

Uzuri wake mkubwa ni mpangilio. Tafuta jozi yenye alama ya D, upande wa kulia wa daraja la kati, kisha panda jozi nne: do, re, mi, fa (D, E, F#, G). Rudi usawa ulioanzia, vuka kushoto mwa daraja, panda nne tena: so, la, ti, do (A, B, C#, D). Daraja hugawa kila uzi kwa uwiano wa 2 kwa 3, ndiyo maana kushoto kila noti ni "so" ya ile ya kulia. Umbo hilohilo ukilianzishia alama ya A au ya G, unapata skeli ya A au ya G. Tuni isiyozidi okteva moja huhama kutoka D hadi G na mikono haijifunzi kitu kipya.

Kasoro iko juu. Noti ya mwisho ni A5 (namba hutaja okteva), lakini tuni nyingi za Ireland, Scotland na milima ya Appalachia ya Marekani zimezoea kupigwa kwa fidla, na fidla katika mkao wa kwanza hufika B5. Noti moja tu, na inauma.

Habari njema ni kwamba utaijua mapema. Tuni hizi hupeanwa kwa maandishi ya ABC, herufi tupu zinazotumwa hata kwa ujumbe wa simu. Herufi kubwa ni okteva inayoanzia C ya kati, ndogo ni okteva ya juu yake. Ukiona "b" ndogo, hiyo ndiyo B5. Shusha kifungu kizima okteva moja, au kama gitaa linalokusindikiza liko kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya G, piga G mahali pake. Usishushe noti moja peke yake, tuni itachechemea. Anayetaka noti zote hizo za fidla anunue dalsima ya 15/14, yenye jozi 15 na 14.

Ukituma ABC, usiache mstari wa K:, unaotaja skeli ya tuni. K:D ndiyo inayosema kila F na C ni kali, yaani F# na C#. Bila hiyo mwenzako atapiga F ya kawaida. Na zima herufi kubwa za kujitokeza kwenye simu, kwani "d" ikigeuka "D" mwanzoni mwa mstari, tuni inaanza okteva moja chini.

Kuhusu sauti: nyuzi hazina kizuizi, zinaendelea kuvuma, hivyo tuni ya mbio hugeuka uji. Geuza nyundo utumie upande wa ngozi.

Kulinganisha nyuzi ndiko kunakowashinda wengi. Unyevu ukizidi, ubao wa juu huvimba na nyuzi hupanda. Anza upande wa kulia wa daraja la kati, kisha sikiliza kushoto. Kulia kukiwa sawa na kushoto kukakosea, daraja limesogea. Halikugundishwa kwa gundi, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo lisukume kidogo sana. Usilegeze nyuzi zote kwa pamoja, madaraja yataanguka. Uzi mwingi hukatika kwa sababu moja: unagonga huu, unazungusha kigingi cha ule, husikii badiliko, unazidi kukaza. Fuata uzi kwa kidole hadi kwenye kigingi chake ndipo uweke ufunguo wa kukazia.