Tathmini ya orjson: namna inavyogeuza tarehe na saa kuwa JSON

Anayeandika programu kwa Python huchelewi kumsikia akilalamikia moduli ya json inayokuja na lugha hiyo, inayogeuza data kuwa JSON, yaani maandishi ambayo programu hubadilishana data kwayo, kwani haipokei tarehe. Ukiipa datetime (aina ya Python inayobeba tarehe na saa) hukataa na kutoa kosa la TypeError, kwa sababu JSON yenyewe haina aina ya data iitwayo tarehe. Wengi hulinyamazisha kosa hilo kwa kuandika default=str, yaani kuagiza kisichopokelewa kigeuzwe matini, wakapata "2024-03-15 00:30:00+03:00", ikiwa na nafasi tupu pale ambapo ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, inataka herufi T.

Maktaba ya orjson, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust na kupatikana bure, imeuondoa usumbufu huo. Hupokea datetime, date na time bila kuongezewa fanksheni yoyote, na huziandika kwa kufuata RFC 3339 ya mwaka 2002, kanuni ya kuandika tarehe na saa kwenye intaneti. Saa iliyofungwa kwenye Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam kupitia zoneinfo, moduli ya Python ya kanda za saa, hutoka na +03:00 mwishoni, yaani saa tatu mbele ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), kama inavyostahili. Kinachosifiwa zaidi ni kasi yake, na sifa hiyo ni ya haki, ila mimi ningeichagua hata kama kasi ingekuwa ileile.

Shaka yangu iko kwenye saa zisizo na ukanda wa saa. Ukiipa datetime ambayo tzinfo yake, yaani sehemu ya kutaja ukanda, ni tupu, orjson huiandika kimya kimya bila kuonyesha tofauti yake na UTC, ingawa RFC 3339 inaidai tofauti hiyo. Lipo chaguo la OPT_NAIVE_UTC, lakini hilo hubandika tu +00:00 bila kubadilisha saa. Malipo yaliyorekodiwa saa sita na nusu usiku kwa saa za Nairobi, tarehe 15 Machi, kwa UTC yalifanyika tarehe 14 saa 21:30. Yakibandikwa +00:00 yatasogea mbele kwa saa tatu nzima, na hakuna kosa litakalotokea kumwamsha mtu. OPT_UTC_Z nayo huwadanganya wasiosoma maelezo: kazi yake ni kuandika Z badala ya +00:00 kwa saa ambayo tayari ni ya UTC, na haiigusi iliyo na +03:00.

Mengine ni madogo. Matokeo ya dumps, fanksheni inayogeuza data kuwa JSON, ni baiti, si matini, hivyo msimbo wa zamani unaotarajia matini utahitaji decode ili kuzigeuza. Timedelta, aina ya Python ya muda uliopita kati ya nyakati mbili, haipokelewi, wala time yenye ukanda. OPT_OMIT_MICROSECONDS huondoa maikrosekunde, jambo linalopendeza katika kumbukumbu za seva.

Safari ya kurudi, kutoka JSON hadi datetime, haimo kabisa. Fanksheni ya loads hurudisha tarehe ikiwa matini, na uamuzi huo naukubali, maana si kila matini inayofanana na tarehe ni tarehe. Utaigeuza mwenyewe kwa fromisoformat, ambayo tangu Python 3.11 inaielewa Z.

Mfumo unaotunza saa zake zote kwa UTC tangu mwanzo unaweza kuipokea orjson bila hofu. Kwa mfumo mkongwe wenye mchanganyiko wa saa, ningewasha kwanza OPT_PASSTHROUGH_DATETIME, ambayo huipeleka kila tarehe na saa kwenye fanksheni yako ya default, na humo ningeikataa kila datetime isiyo na ukanda.