Casio fx-991ES PLUS kwa namba kubwa: angalia mabano

Mwalimu wa hesabu wa Mtwara, Masasi au Newala anayetaka kalkuleta ya kuvunja namba nzima kuwa vigawo tasa, hii inamtosha, ila ajue inapoishia. Kwenye maduka ya vifaa vya shule mjini asili na bandia hukaa kabati moja, kwa hiyo ijaribu kabla hujalipa. Andika 1234567890, bonyeza =, kisha SHIFT na kitufe cha °’’’ chenye FACT juu yake, yaani amri ya kuvunja namba. Kioo kitoe 2×3²×5×(13717421). Kikileta kingine, irudishe.

Mabano hayo ndiyo husomwa vibaya. Mashine hujaribu namba tasa zisizozidi tarakimu tatu, mwisho 997. Kinachobaki kikifika 1018081, yaani 1009², inakifunga kwenye mabano na kukuachia mwenyewe. Haisemi ni tasa, haisemi si tasa. Chini ya hapo jibu ni la uhakika.

13717421 inavunjika kwa njia ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa: tafuta namba ambayo mraba wake ukitoa namba yetu unabaki mraba kamili. Kipeuo chake cha pili ni 3703.7, basi anza na 3704: kipeo chake cha pili ukitoa namba yetu kinabaki 2195, si mraba kamili. Panda 3705: kinabaki 9604, ambayo ni 98². Vigawo ni 3705−98 na 3705+98, yaani 3607 na 3803. Vipitishe FACT kimojakimoja; vinarudi vilevile bila mabano, basi ni tasa. Njia hii huwa na kasi pale tu vigawo vinapokaribiana.

Sasa weka 4294967297, yaani 2³²+1. Fermat aliidhani tasa, mwanahisabati Euler akaivunja mwaka 1732. Kioo: 641×(6700417). Mabano yaleyale, lakini safari hii ndani mna namba tasa! Hapa njia ya Fermat itakuchosha bure. Kugawanya kwa kila tasa kuanzia 1009 hadi kipeuo cha pili, 2588, ni mara mia mbili na ushei. Lakini Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikipunguza 1, hugawanyika kwa 64. Kati ya 1009 na 2588 zinabaki tasa tano tu za aina hiyo: 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zote zinaacha baki.

Kero nyingine ni kioo cha tarakimu 10. 2⁴⁰ inatoka 1.099511628×10¹², mkia umekadiriwa. Ndani mashine inatunza tarakimu 15, kwa hiyo toa 1.0995×10¹² uone 11627776. Namba kamili ni 1099511627776. Faktoria (zao la namba zote kuanzia 1) inaishia 69!, kwani 70! inavuka 10¹⁰⁰ na kuleta Math ERROR.

FACT haipokei tarakimu 11. Kwa kazi hiyo usiinunue. Simu yenye Python, lugha ya programu, inatunza tarakimu zote bila kukadiria.