Gold Monster 1000 au GPX 6000? Nimezipitisha zote mbili juu ya udongo wa Mwenga

Hizi ni mashine za kutafutia dhahabu ardhini, na Mwenga ni huku kwetu Kivu Kusini, Kongo. Bei kwanza, maana ndiyo inayogombanisha watu. Gold Monster 1000 ya Minelab, kwa bei za maduka ya Marekani, ilikuwa chini ya dola 1,000 tulipoanza kuitafuta. GPX 6000, ya kampuni hiyohiyo ya Australia, ilikaribia dola 6,000. Hapo hujaweka ndege, duane (forodha), wala gari la kutoa mzigo Bukavu hadi Mwenga.

Sheria ya madini ya Kongo ilivyorekebishwa 2018 inamtaka kreseri, yaani mchimbaji mdogo, awe na kadi na awe ndani ya koperative, basi na sisi tulichanga kama koperative, tukanunua Monster. GPX ni ya mzee mmoja, PDG, yaani mwenye mashimo, ng'ambo ya mto, aliyekubali tuitumie kwenye kiwanja chetu kwa mgawo. Msimamo wangu ni huu: kreseri wengi wa Kivu Kusini wamiliki Monster, GPX waikodi. Na wapo wengine, tena si wachache, wasionunue yoyote.

Nianze na hao. Mashine hizi hazinusi dhahabu. Zinatambua kipande kinachopitisha umeme, tena kiwe kimeshikana. Dhahabu ya miamba kama ya Kamituga, iliyotawanyika ndani ya jiwe jeupe mpaka akina mama twangaise walitwange na kuliosha ndipo kitu kionekane, mashine inaipita kimya. Unga wa mtoni vilevile. Kama karai lako linakupa vumbi tupu mwaka hadi mwaka, hizo dola nunulia pampu. Lakini kama mara mojamoja unapata punje inayogonga karai ukaisikia, hasa kwenye mteremko ulio chini ya mwamba au kwenye mkondo ambao mto umeuhama, hapo tunaweza kuzungumza.

Tofauti ya bei imekaa kwenye namna ya kusikiliza. Monster hutuma mawimbi bila kupumzika, kwa masafa ya kilohezi 45, na masafa ya juu hivyo huipa sikio la punje ndogo zilizo karibu na uso wa ardhi. GPX hupeleka umeme kwa mapigo: inapiga, inanyamaza, inasikiliza jibu linavyofifia. Sasa udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na wenyewe pia hujibu. Mashine ya mawimbi husikia udongo na dhahabu kwa pamoja, hivyo inabidi kuipunguzia ukali. Ya mapigo ina nafasi ya kuuacha udongo unyamaze kwanza.

Tulijaribu hivi. Tulibandika punje ya kama theluthi ya gramu kwenye kipande cha plastiki, tukaifukia kina cha kidole. Monster iliisikia bila taabu. GPX iliisikia ikiwa chini kidogo zaidi, lakini nyongeza hiyo mimi siwezi kuilipia dola 5,000. Kisha mzee akatoa kipande chake cha gramu 5 na kitu (alikisimamia kwa macho muda wote, na simlaumu). Kwenye udongo mwekundu Monster ilianza kusitasita kilipofika shubiri moja. Kwenye shubiri na nusu ikawa haina habari tena, wakati GPX bado inakiita waziwazi. Tuliposhuka kwenye mchanga wa kijivu kando ya mto, pengo hilo likapungua sana. Basi kabla ya kuangalia bei, angalia rangi ya udongo wako.

Hapo niwaambie na wa Goma. Shemeji yangu aliiomba Monster aijaribu uani kwake, juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ile ina madini ya sumaku ndani, na mashine ililia kama mtoto aliyenyimwa ziwa la mama. Akanipigia kusema tumeuziwa mbovu. Mashine ni nzima, ila uwanja wa lava si mahali pa kuipimia.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni uchafu wa chuma. Mahali ambapo kampuni za zamani za madini, MGL na baadaye SOMINKI, zilifanya kazi, ardhi imejaa misumari, waya na vipande vya mabati. GPX haikutengenezwa kuchagua: kila kinacholia unachimba, na kwa kuwa inasikia mbali, msumari mmoja unaweza kukugharimu shimo la hadi magoti. Monster ina hali ya kukataa chuma, na kialama kwenye kioo kinachokuonyesha kama uwezekano wa dhahabu ni mkubwa au mdogo. Usikiamini kwa kila kitu, maana bati lililooza hukidanganya, na dhahabu iliyo chini sana inaweza kusomwa kama chuma. Hata hivyo kwenye kambi za zamani kinaokoa mgongo. Maganda ya risasi ni hadithi nyingine: ni shaba nyeupe kwa nyekundu, na mashine zote mbili huyashangilia kama dhahabu. Ukifukua kitu chenye umbo la bomu au risasi kubwa, acha sururu hapohapo, ondoa watu, toa taarifa.

Uzito: Monster kilo 1.3, GPX kilo 2.1. Asubuhi huoni tofauti, mchana bega linakuambia. Monster ina betri yake ya kuchaji lakini pia hukubali betri ndogo za tochi, zile za kioski, na huko juu kusiko na umeme hilo ni kubwa kuliko mnavyodhani. GPX inataka kuchajiwa, kwa hiyo panga na paneli ya jua. Zote mbili koili, ile sahani ya chini, inaingia majini. Kisanduku cha juu hapana. Mvua zetu mnazijua, kifungieni mfuko wa plastiki.

Halafu bandia. Jina la GPX linauza, na GPX 5000, ile ya zamani, ndiyo inayoigwa sana. Ukiiona kwa dola mia chache sokoni, na muuzaji ana kumi za kufanana, hiyo siyo. Dai fakture na namba ya mashine, uiulizie kwa wakala anayetambuliwa kabla hujatoa pesa.

Kwa sasa tunafanya kazi hivi: Monster inapita kwanza, inaondoa misumari na kuokota vya juu. Tunakwangua udongo shubiri moja kwa majembe, tunapita tena. Kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, mitaro ikikauka, mzee anakuja na GPX yake. Mwanzo alitaka nusu ya kinachopatikana. Tukamwuliza sururu atashika nani, akashuka hadi theluthi, na betri anachaji mwenyewe.