Programu ya siku 30 au sahani yako mwenyewe: kupunguza wanga ukiwa Kigoma

Programu za kupunguza uzito zinazouzwa kwenye simu zimefika hadi mwisho wa reli. Unalipa kwa simu, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unatumiwa jedwali la chakula la siku 21 au 30, na kila jioni kocha anauliza umekula nini. Nyingine zinakuja na kopo la unga wa kukoroga unaonywewa badala ya mlo. Kuna na njia isiyo na ada: unaacha ugali, wali, chapati na soda, unabaki na samaki, mayai na mboga. Swali letu kwa zote ni moja tu: mtu wa Mwanga au Ujiji anaweza kuendelea nayo miezi sita kwa kile kinachouzwa sokoni kwake?

Kwenye jedwali la chakula, programu nyingi zinachemka. Unakuta unga wa lozi, brokoli, jibini, mafuta ya zeituni, na koliflawa iliyosagwa ikaitwa wali. Ukivipata hapa, bei yake inakutoa kwenye programu kabla wiki ya pili haijaisha. Humo humo hakuna mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, hakuna dagaa, hakuna kisamvu wala mawese. Mteja akiandika, "Kocha, leo nimepata kuhe, nile kiasi gani?" anajibiwa, "Samaki ruksa, dada." Hilo si jibu la mtu aliyelipwa.

Majedwali mengi yameiga hatua ya kwanza ya Atkins, mpango wa Marekani unaoanza na wanga wa gramu 20 kwa siku, nyuzinyuzi zikiwa zimetolewa kwenye hesabu. Gramu 20 ni kidogo mno kwa jiko la huku. Upawa mmoja wa maharage yaliyopikwa, gramu 100 hivi, unakula karibu gramu 15 za hizo. Ndiyo maana kundi zima linakatazwa maharage, chakula cha bei nafuu chenye protini na nyuzinyuzi, halafu siku ya tano watu wanalalamika choo hakitoki.

Hakuna ulazima wa kushuka hadi huko. Kwa kawaida wataalamu huita chakula cha wanga kidogo kile kilicho chini ya gramu 130 kwa siku; chini ya 50 ndiyo kali. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga wa gramu 75 hivi, wa muhogo unapita 80. Ugali wa mchana uliosongwa kwa unga wa gramu 200 unakupa gramu 150 kabla hujagusa mboga, uwe sembe au dona. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, lakini kwenye hesabu hii haikuokoi. Wali uliopikwa una gramu 28 kwa kila 100. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 hivi. Na asali, tunaomba radhi kwa majirani zetu wa Tabora, ni sukari: kijiko kimoja cha chakula ni gramu 17.

Sasa weka siku moja ya Kigoma kwenye mizani. Asubuhi mayai matatu, nusu parachichi kubwa, chai isiyo na sukari yenye maziwa robo glasi: wanga kama gramu 7. Mchana dagaa wa nyanya, mchicha wa kutosha na upawa wa maharage: gramu 30. Jioni mgebuka, kabichi na konzi ya karanga: gramu 10 hivi. Jumla haifiki 50. Ukiongeza matonge mawili ya ugali mchana, yenye uzito wa gramu 100 kwa pamoja, unafika gramu 75 za wanga na bado uko ndani ya mpaka wa 130. Matonge hayo mawili yana kazi: unakaa kwenye sinia na wenzako bila kuulizwa kama unaumwa.

Hao dagaa nao wanataka mkono. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja; wa mchangani ukiwasugua kiganjani wanaacha vumbi. Waloweke dakika 5 kwenye maji ya vuguvugu, kisha wachote kwa mkono kutoka juu. Usimwage maji na dagaa pamoja, maana mchanga umeshatulia chini na utaurudisha wote. Rudia mara mbili. Kaanga nusu kitunguu kwa kijiko kimoja cha mawese, weka nyanya mbili, zikishalainika tia konzi mbili kubwa za dagaa, funika dakika 7, kamulia ndimu ukiwa umeshaepua. Hiyo ni sahani ya mtu mmoja.

Kijiko kimoja, tumesema. Mawese hayana wanga hata chembe, na wanaojiongoza wenyewe ndipo wanaponaswa. Kijiko cha chakula kina kalori 120 hivi. Nusu kikombe kwenye sufuria ya kisamvu kinakaribia kalori 1,000, na kama mnakula wawili, kila mmoja ameshakunywa mlo mzima wa mafuta kabla ya samaki. Karanga ni hivyo hivyo: gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na kutafuna gramu 100 huku unaongea ni rahisi kuliko unavyodhani. Mtu anaacha ugali kweli, mwezi unaisha, mizani haijasogea, anasema njia hii ni uongo. Apime mafuta kwa kijiko wiki mbili kwanza.

Kosa la pili la wanaokwenda peke yao ni kuamini wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikiisha maji yanatoka nayo, na kilo mbili zinaondoka kwa siku chache. Mafuta ya kitambi bado yapo. Baadhi ya programu hupiga picha ya mizani siku ya saba na kuitangaza. Mjanja kidogo ataiomba ya siku ya sitini. Ni bora kupima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi moja kila wiki.

Maji hayo huondoka na chumvi. Siku ya pili hadi ya tano kichwa kinauma, miguu inakaza, ukisimama ghafla unaona giza. Mtu asiye na ugonjwa wa shinikizo la damu, figo wala moyo anaiondoa hali hiyo kwa mchuzi wa samaki wenye chumvi, kikombe kimoja au viwili kwa siku. Mwenye magonjwa hayo asiongeze chumvi kabla ya kumuuliza daktari.

Programu zinashinda wapi? Kwenye kuulizwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia watu 609 kwa miezi 12, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta, wote wakihudhuria vikao vya mafunzo. Wa wanga walishuka wastani wa kilo 6.0, wa mafuta 5.3; kitakwimu, tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Nchini Uingereza, utafiti wa DiRECT uliwapa wenye kisukari aina ya pili vinywaji vya kukoroga vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa. Lakini dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza chini ya uangalizi, na muuguzi au mtaalamu wa lishe aliwaona mara kwa mara. Kopo linalouzwa kwenye kundi la simu bila muuguzi ni nusu tu ya huduma ile, tena nusu ya bei ghali.

Kwa hiyo jedwali tunalipa nyota 2 kati ya 5, kopo nyota 1, na kocha anayefuatilia kweli nyota 4. Ukiona lazima ulipe, lipa kwa wiki, na kabla hujatuma hela muulize anabadilishaje brokoli kwa kisamvu, na siku ya 31 unakula nini. Akikujibu "utajiunga tena", umeshapata jibu. Kuulizwa huko unaweza kukupata bure kwa rafiki au jirani mmoja anayepokea picha ya sahani yako kila siku, mradi awe na ulimi mkali kidogo.

Swali moja linatangulia yote hayo: unatumia dawa gani? Kocha asiyeliuliza anafaa kuachwa hapo hapo. Anayemeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, au kuchoma insulini akikata ugali ghafla, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Kama bado anaweza kumeza, hapo hapo ni sukari vijiko vitatu vidogo kwenye maji, kupima tena baada ya dakika 15, na kurudia kama bado iko chini. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Dawa za kisukari kama dapagliflozin na empagliflozin zikikutana na wanga mdogo sana zinaweza kuleta asidi mbaya kwenye damu, hata sukari ikiwa haijapanda sana. Dozi hupangwa upya na daktari kabla ya kuanza, na si baada ya kuanguka. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye figo mbovu waanze kwa daktari na afisa lishe wa hospitali. Kundi la simu si mahali pao.

Kwa atakayekwenda mwenyewe, akiba ya samaki ndiyo inayoamua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mzigo unapungua mwaloni Kibirizi na bei inapanda. Na ziwa linaweza kufungwa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nunua dagaa wakavu wa mwezi mzima wakati wa giza, waanike tena siku moja juani, kisha watie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Wakiwa na unyevu wataota ukungu ndani ya wiki mbili, na hapo ndipo mtu hurudia ugali na maharage akisema dayati imemshinda.