Digrii ya sayansi ya kompyuta Nairobi: darasani poa, maabara bado sana

Nimemaliza miaka minne ya kompyuta kwa chuo kimoja hapa Nairobi, na vile watu wananiuliza kabla wajaze KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kupangia wanafunzi vyuo, wacha niseme yote hapa. Nyota 3 kwa 5.

Hesabu, algorithimu, oparetingi sistemu, databesi, hizo zinafunzwa vizuri na mtu asiwadanganye ati ziondolewe, framewaki (zile kodi za wengine unajengea juu yake) zinabadilika kila saa lakini hizi hazizeeki. Mhadhiri wa databesi alituletea daftari la madeni la duka, unajua zile za mteja kuandikwa jina kila akikopa mkate, akatuambia tuligawe kwa meza, yaani majedwali ya databesi, mpaka hakuna jina linarudiwa. Hiyo siku nilielewa kabisa.

Shida ni maabara. Kompyuta ziko na Turbo C++, programu ya kuandikia kodi ya C++ kampuni ya Borland walitoa 1990, unaandika iostream.h inakubali, ukienda nayo nyumbani kwa laptopu kompaila (ile inageuza kodi iwe programu) ya sasa inakataa juu hiyo .h iliachwa tangu sheria za C++ za 1998. Fasti yia anaona ni yeye hajui, na si yeye! Halafu mtihani ni kalamu na karatasi, unaandika programu kurasa mbili, unakatwa maksi juu ya nukta mkato na hakuna mtu atawahi kuirani aone kama inafanya kazi. Hii inaniuma sana kwa sababu ndiyo inafanya watu wakremu.

Git, ile ya kuweka rekodi ya kila badiliko la kodi, iko tangu 2005 na nimekutana nayo nikiwa atachimenti kazini, si chuoni. Si sisi pekee, hata MIT wanafunzi wa PhD waliona hilo pengo wakaanza kufunza wenzao git, sheli (kuamuru kompyuta kwa kuandika) na dibagi (kutafuta makosa kwa kodi), 2020 wakaweka masomo yote wazi kwa intaneti, bure. Fanyeni hayo mkiwa fasti yia, tafadhali msingoje.

Na projekti ya mwaka wa nne, badala ya ile sistemu ya laibrari ya kila mwaka, kwa nini isiwe malipo ya M-Pesa? Daraja ya Safaricom, ile ya kuunganisha programu yako na M-Pesa, iko wazi tangu 2017 na ina sehemu ya kujaribia bila pesa halisi. Jibu la malipo likichelewa, au likija mara mbili, hapo ndipo utajua hash table (ile ya kutafuta kitu haraka kwa namba yake) ni ya nini, unaangalia kama hiyo namba ya malipo ilishafika.

Kama umeitwa, enda. Lakini siku ya kutembelea chuo omba uingie maabara, uliza programu za mtihani zinaandikwa wapi, na uliza kama mhadhiri huzirani kabla apeane maksi.